Hela ya kichwa na shule ya watoto 180: nani hasa anaiendesha shule ya kijijini?

Matokeo ya darasa la saba yakitoka kunakuwa na kikao kile kile kila mwaka. Karatasi inasomwa, shule iliyoshika mkia kwenye kata inatajwa kwa jina, mwalimu mkuu wake anasimama mbele za watu aeleze. Nimekaa kwenye kamati ya shule miaka mitatu huku kusini kwenye korosho, vikao vya namna hiyo nimevihudhuria, na kila mara nilikuwa nabaki najiuliza huyu mwalimu anaeleza nini wakati karibu kila anachoulizwa hakipo mikononi mwake. Hakuajiri walimu, hakupanga hela, hakujenga darasa kwa maamuzi yake, na chakula cha watoto kinategemea kama wazazi wamekubali kutoa au la. Ila matokeo ni yake.

Watu wengi wanaongea juu ya shule za vijijini kwa kukisia, mmoja anasema walimu wavivu, mwingine anasema wazazi hawajali, mwingine serikali haitoi hela. Hebu tuifumue hii kitu polepole, maana ukishaona nani ameshika nini utaelewa kwa nini shule ndogo inapata shida ambazo shule kubwa ya mjini haizijui kabisa.

Tuanze na nani bosi wa nani. Wizara ya Elimu ndo inatoa sera, mtaala unaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, mtihani ni wa NECTA, yaani baraza la mitihani, na wizara hiyo hiyo ina wathibiti ubora (zamani tulikuwa tunawaita wakaguzi) wanaokuja kuangalia ufundishaji. Lakini shule yenyewe kama shule haipo chini ya wizara, ipo chini ya TAMISEMI (ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa) kupitia halmashauri, yaani mkurugenzi ndo mwenye shule na afisa elimu msingi anafanya kazi chini yake. Mwalimu akitaka kupanda daraja au akiwa na kesi ya nidhamu anaenda Tume ya Utumishi wa Walimu, ambayo imeundwa kwa sheria ya 2015. Ukishuka chini kuna afisa elimu kata, kuna diwani na kamati ya maendeleo ya kata, kuna mwenyekiti na mtendaji wa kijiji ambao ardhi ya shule ipo kwenye eneo lao, halafu ndo unafika kwenye kamati ya shule, ambayo wengi wetu ni wazazi tu na mwalimu mkuu ndo katibu wetu.

Sasa angalia vizuri hapo. Mthibiti ubora anakuja anaandika ripoti kwamba shule ina upungufu wa walimu, ripoti inaenda, ila yeye hana uwezo wa kuleta mwalimu hata mmoja. Mkurugenzi anaweza kuhamisha mwalimu kutoka shule hii kwenda ile ndani ya halmashauri yake, lakini kibali cha ajira mpya kinatoka juu, yeye anasubiri apangiwe. Kamati ya shule kwenye karatasi inasimamia shule, ila haiwezi kumgusa mwalimu asiyeingia darasani, inachoweza ni kulalamika kwa afisa elimu kata. Kila mtu ameshika kipande. Na siongei kwa lengo la kumlaumu mtu, wengi wa hawa watu wanajitahidi kweli, ila ukiuliza nani anawajibika kwa shule ile nzima, hela yake, walimu wake na matokeo yake kwa pamoja, jibu hulipati.

Tuje kwenye hela, maana hapa ndo kuna hesabu ambayo nadhani kila mzazi wa kijijini anatakiwa aijue kichwani.

Mwaka 2002 ulipoanza mpango wa MMEM, yaani wa maendeleo ya elimu ya msingi, ada ya shule za msingi ikiwa imeondolewa, ikawekwa ruzuku ya uendeshaji, ile watu wanaiita kapitesheni. Kiwango kilikuwa dola 10 kwa mtoto kwa mwaka, ambayo kwa wakati ule ilikuwa kama shilingi 10,000. Baadaye 10,000 ndo ikabaki kuwa kiwango chenyewe. Katika hiyo, 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndo inakuja shuleni. Gawanya 6,000 kwa miezi 12 unapata shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Mia tano. Dola imepanda imepita 2,000 zamani sana, chaki imepanda, karatasi imepanda, nauli imepanda, wale wa 2002 wenyewe wana watoto wao shuleni sasa hivi, na tumekaa miaka na miaka na hiyo hiyo elfu kumi.

Tuseme sasa shule ina watoto 180, ambayo huku kwetu ni shule ya kawaida kabisa ya kijiji kidogo. Mia tano mara 180 ni 90,000 kwa mwezi. Hiyo tisini ndo inunue chaki, madaftari ya mahudhurio, wino na karatasi za mitihani ya majaribio, ndo irekebishe dawati na mlango uliong'oka, ndo mwalimu mkuu apande bodaboda na gari kwenda benki wilayani na arudi, na siku hizi ndo ilipie na bando, maana taarifa za hela za shule zinaingizwa kwenye mfumo wa FFARS na manunuzi yameingia kwenye mfumo wa NeST, na kuna shule mwalimu inabidi apande kichuguu au aende kijiji cha pili ndo apate mtandao.

Shule ya mjini yenye watoto 1,800 inapata 900,000. Utasema ni haki, watoto ni wengi mara kumi. Kwenye madaftari na chaki sawa, ila nauli ya kwenda benki haijui una watoto wangapi, mlinzi halindi kwa idadi ya vichwa, pampu ya kisima ikiharibika fundi hakupi bei ya nusu eti kwa sababu shule ni ndogo. Kuna gharama za kuwa shule tu, hata ungekuwa na watoto 50, na fomula ya kichwa haizioni. Na mjini wazazi wanachanga bila kelele nyingi na mwalimu mkuu anaenda benki kwa mguu, wakati shule ya mbali kila kitu kinaanza na nauli.

Kuna jambo moja zuri ambalo lazima nilitaje, kabla ya Januari 2016 hela hizi zilikuwa zinapitia halmashauri na mara nyingi shule ilikuwa inapata pungufu au inachelewa sana, mpango wa elimu bila ada mpaka kidato cha nne ulipoanza hela ikaanza kutoka Hazina moja kwa moja kwenda akaunti ya shule kila mwezi. Hiyo ilikuwa hatua kubwa na waliokuwepo kabla wanajua tofauti. Mwaka huo huo walimu wakuu wa msingi wakawekewa posho ya madaraka, 200,000 kwa mwezi. Wanastahili, kazi ni ngumu. Lakini iweke pembeni ya ile tisini uone: posho ya mtu mmoja inazidi mara mbili hela ya kuendesha shule nzima ya watoto 180. Sio kwamba posho ni kubwa, hela ya shule ndo ndogo kiasi hicho.

Ila bado hatujafika kwenye hela kubwa yenyewe. Hela kubwa ya shule yoyote ni mishahara, na mshahara hauji kwenye akaunti ya shule, unamfuata mwalimu popote alipo. Maana yake serikali inapompanga mwalimu mahali ndo inapanga bajeti kweli, hata kama hakuna anayeiita hivyo. Chukua mshahara wowote wa mwalimu unaoujua, hata wa kuanzia, ni laki kadhaa kwa mwezi, kwa hiyo mwalimu mmoja akipata uhamisho kumfuata mwenza wake mjini shule imepoteza hela nyingi kuliko kapitesheni yake yote, na hakuna kikao kilichokaa kujadili hilo, hakuna diwani aliyepiga kura, imetokea tu. Shule za barabarani zinajaa, za ndani zinabaki na walimu wanne watatu.

Na tena hapa fomula ya kichwa inarudi kutupiga. Uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Watoto 180 gawa kwa 45 unapata walimu wanne, kwa hiyo kwenye takwimu shule yenye walimu wanne iko sawasawa, haina upungufu wowote, haimo hata kwenye foleni ya wenye shida. Lakini shule ile ina awali na darasa la kwanza mpaka la saba, yaani madarasa nane. Walimu wanne vyumba nane. Mmoja wao ni mwalimu mkuu ambaye nusu ya wiki ameitwa wilayani, mmoja yuko likizo ya uzazi au anaumwa, kwa hiyo siku nyingi ni walimu wawili na watoto 180, na mwalimu anaandika ubaoni darasa la tatu anakimbia darasa la nne kusahihisha anarudi. Mimi hilo nimeliona kwa macho yangu sio siku moja. Halafu mtu anakuja na kikokotoo anasema uwiano wenu mzuri.

Watu wanauliza, si halmashauri ina mapato yake, kwa nini isizibe? Inategemea halmashauri gani. Hela nyingi za halmashauri, zaidi ya asilimia 80 kwa zile za vijijini, ni ruzuku kutoka serikali kuu na sehemu kubwa ya ruzuku hiyo ni mishahara, tayari ina mwenyewe. Kodi ya kichwa ilifutwa 2003, kodi ya majengo ikaenda TRA, mamlaka ya mapato, na sasa inakatwa kwenye LUKU, yaani mtu anaponunua umeme, kinachobaki kijijini ni ushuru wa mazao, leseni na vyanzo vidogo vidogo. Ushuru wa mazao nao mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 kuwa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Mkulima alipumua, na mimi kama mkulima nilifurahi, ila hela ya halmashauri ikapungua siku hiyo hiyo. Na kwa huku kwetu korosho ikiyumba kila kitu kinayumba, wanaokumbuka msimu wa 2018 serikali iliponunua korosho yenyewe kwa 3,300 kilo wanakumbuka pia halmashauri za ukanda huu zilivyokaa zinasubiri ushuru wake. Sasa mwaka kama huo nani ataongeza hela ya chaki?

Kinachokuja kwa wingi ni hela ya kujenga. Mwaka 2021 ulipokuja ule mkopo wa UVIKO, trilioni 1.3, yakajengwa madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi (vituo vya watoto wanaokaa mbali na shule mama), kila darasa milioni 20. Baada ya hapo ukaja mradi wa BOOST kwa shule za msingi. Madarasa yale ni mazuri, sitaki mtu anielewe vibaya, kuna watoto waliokuwa wanasoma chini ya mkorosho leo wapo ndani na vigae chini. Lakini fanya hesabu: milioni 20 ya chumba kimoja ni sawa na kapitesheni ya shule yetu ya watoto 180 kwa miaka zaidi ya 18. Tunapata chumba kwa siku 60 na hatupati chaki ya kutosha ya kuandikia ndani yake, kwa sababu jengo lina mfadhili, lina tarehe ya kukabidhiwa na linapigwa picha, uendeshaji wa kila siku hauna vyote hivyo.

Tena ujenzi wenyewe ni kwa fosi akaunti, hela inaingia shuleni, mwalimu mkuu na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi wanasimamia, wanatafuta fundi, wananunua simenti na nondo. Kwa bei inaokoa sana kuliko mkandarasi. Ila mwalimu mkuu wa walimu wanne anageuka msimamizi wa ujenzi miezi mitatu, na yule ndo alikuwa anafundisha hisabati darasa la saba. Hilo silioni likihesabiwa popote kwenye gharama ya jengo.

Je, hela ikiongezwa matokeo yanapanda? Hapa inabidi tuwe wakweli hata kama jibu halitufurahishi. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika hapa hapa Tanzania mwaka 2013 na 2014, ule wa KiuFunza wa shirika la Twaweza, watafiti kina Isaac Mbiti na Karthik Muralidharan, shule 350 kwenye wilaya 10. Shule 70 zilipewa 10,000 ya ziada kwa kila mtoto moja kwa moja, nyingine 70 hazikupewa hela hiyo ila walimu wa darasa la kwanza mpaka la tatu waliahidiwa 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu Kiswahili, hisabati au Kiingereza, na 70 nyingine zikapata vyote viwili. Zilizopata hela peke yake alama za watoto hazikusogea. Za bonasi peke yake kilichoonekana ni kidogo na sio kila mahali. Zilizopata vyote viwili watoto walipanda, na walipanda kuliko ukijumlisha hizo mbili za kwanza.

Wapo wanaochukua utafiti huu kusema "mnaona, hela sio tatizo". Mimi sisomi hivyo. Ninachokiona ni kwamba vitabu bila mwalimu mwenye sababu ya kuvitumia vinakaa kabatini, na mwalimu mwenye hamu asiye na vitabu anachoka, mpaka vyote vikutane mahali pamoja. Na kuna kingine waliona, hela ilipokuja wazazi wakapunguza ya kwao. Hilo halinishangazi hata kidogo. Mzazi akisikia shule imepata hela anaona zamu yake imeisha, na tuliona hivyo hivyo 2016 watu waliposikia "elimu bure", ingawa waraka wenyewe uliacha sare, madaftari na chakula cha mchana kwa mzazi. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni, walimu wengine waliogopa hata kugusa debe la mahindi la mzazi aliyetoa kwa hiari yake, mpaka ikafafanuliwa kwamba wazazi wanaweza kuchangia kwa makubaliano na kwa kibali cha mkurugenzi, mwalimu asishike hela. Uji ulikuwa umeshakufa shule nyingi kufika hapo, na kuurudisha ni kazi kuliko kuuanzisha.

Chakula hiki nakitaja kwa uzito kwa sababu ndo kinaamua mtoto wa kilomita tano atabaki mchana au atarudi nyumbani saa sita. Na msimu nao unaamua. Huku kwetu upimaji wa darasa la nne unaangukia Oktoba, korosho ndo zinaanguka pia, familia nzima iko shamba kuokota, na mtoto wa miaka kumi anaokota vizuri tu. Mahudhurio ya mwezi ule ukiyaangalia utajua matokeo kabla hayajatoka. Hakuna mtu wa halmashauri anayeweza kuhamisha korosho wala kuhamisha tarehe ya NECTA, ila kijiji kinaweza kukubaliana kwamba darasa la nne na la saba hawaendi shamba asubuhi, na vijiji vilivyokubaliana hivyo nimeona tofauti yao.

La mwisho ni namba zenyewe za matokeo. Kitaifa ufaulu wa darasa la saba ulikuwa asilimia 30.7 mwaka 2012, ukapanda mpaka 81.5 mwaka 2019, na tangu hapo unazunguka hapo hapo 80. Kwa nchi nzima namba hiyo ina maana yake. Kwa shule yenye watahiniwa 14 haina maana ileile. Watoto 14, mmoja ni asilimia saba. Wawili wakiumwa malaria wiki ya mtihani umeshuka asilimia 14, umetoka katikati ya kata mpaka mkiani, na mwalimu mkuu anasimamishwa kueleza. Mwaka unaofuata wanakuja watoto watatu wenye akili sana wa familia moja, unapanda, unapewa cheti. Shule ya watahiniwa 200 haiwezi kurukaruka hivyo. Kwa hiyo ukipanga shule kwa asilimia, ndogo ndo zitakuwa juu kabisa na ndo zitakuwa chini kabisa, karibu kila mwaka, bila mtu yeyote kufundisha vizuri zaidi au vibaya zaidi. NECTA wenyewe Januari 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora na mimi niliona wamefanya vizuri. Bahati mbaya kwenye kata bado tunapanga, tunatundika na ukutani.

Ukitaka kuijua shule ndogo iangalie kwa miaka mitatu mfululizo ukijumlisha watoto wote, sio mwaka mmoja. Na uangalie darasa la pili wangapi wanasoma hadithi fupi ya Kiswahili mpaka mwisho, maana mtoto aliyefika la nne hajui kusoma mwalimu wa la saba hana muujiza wa kumfanyia. Hicho ndo kitu ambacho kamati ya wazazi inaweza kukipima yenyewe, na kitabu kimoja, asubuhi moja, bila kibali kutoka popote. Sisi tulifanya mwaka wetu wa mwisho. Tuliita watoto mmoja mmoja chini ya mti, wazazi wakiwa wamekaa pembeni wanasikia, na kuna baba alisimama akaondoka kimya mwanawe aliposhindwa neno la tatu. Jumatatu yake alikuja shuleni kuuliza mwalimu wa la pili ni nani, akaambiwa hayupo, amehamishwa tangu Machi, na nafasi yake haijajazwa. Ndo mara ya kwanza mzazi ambaye sio wa kamati aliongozana na sisi mpaka ofisi ya kata, na tulipotoka pale tukapanda gari kwenda kwa mkurugenzi, watu tisa, na barua iliyoandikwa mahesabu haya haya: watoto 180, madarasa nane, walimu watatu.

Mwalimu alikuja muhula uliofuata. Mmoja. Uwiano wetu kwenye takwimu sasa hauna kasoro, na barua ya pili ya kuomba wengine wanne tumeiacha kwenye faili la kamati inayokuja.